Mbebaji Habebwi

Alasiri ya kuamkia sikukuu ya Mama Maria Kupalizwa Mbinguni, Ersilia Ruocco alikuwa jikoni akikwangua maganda ya malimau, mbao za madirisha zimefungwa ili jua lisipate pa kuingilia. Katikati ya Agosti, pale Ripamare, mji uliojengwa mwambani juu ya bahari, hakuna mtu mwenye akili timamu anayewasha tanuri. Mwamba hunywa joto mchana kutwa na kulitema usiku kucha, na anayeoka keki siku hizo hujioka mwenyewe kwanza. Kwa hiyo sikukuu hiyo watu hula vitu vya baridi, na Ersilia alikuwa ameamua kutengeneza tiramisù, kitindamlo cha biskuti na jibini kisichookwa. Watu wa kaskazini huitengeneza kwa kahawa. Kahawa haimei Ripamare. Limau humea hadi mlangoni.

Alikuwa na sababu nyingine pia. Alitaka kumtuliza mama yake kwa kitu kitamu, kwa kuwa kesho yake mama yule angenyang'anywa nafasi yake.

Mama mwenyewe, Carmosina, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na friji, akijisogeza kila friji ilipofunguliwa. Alikuwa sisimizi. Ndivyo walivyoitwa wanawake wa Ripamare walioshusha malimau kutoka mashamba ya matuta ya juu hadi ufukweni, kabla ya barabara kujengwa, wakifuatana kwenye ngazi za mawe, kila mmoja na tenga begani zito kuliko yeye. Na waliporudi hawakurudi mikono mitupu. Walipandisha mchanga, chokaa na mawe ya kujengea nyumba za wenye matuta. Mgongo wa Carmosina ulijifunza umbo la mzigo na ukakataa kulisahau. Miaka mingi sasa uso wake ulikuwa unatazama sakafu. Akitaka kujua nani kaingia, alisoma viatu.

Kwa kazi hiyo yote, sisimizi walipata heshima moja tu. Siku ya Kupalizwa, sanamu ya Mama Maria inapozungushwa mjini, wao ndio hutembea wa kwanza nyuma yake. Meya, bendi na wenye matuta huwafuata. Hutembea peku, kila mmoja na ile kata ya gunia aliyokuwa akiweka begani kupokea tenga. Nafasi hiyo hairithiwi wala hainunuliwi. Hushikiliwa kwa miguu ya mwenyewe, na ikikosa miguu kwa muda mrefu, kamati ya sikukuu ina haki ya kumpa mwingine.

Wengi wa wenzake Carmosina walikuwa makaburini. Wawili waliobaki, Nunziata na Fortuna, waliishi chini, ng'ambo ya kanisa, na walifika kila mwaka hata kama ni kwa kuegemeana. Carmosina aliishi juu kabisa, mwisho wa ngazi, na magoti yake yalikwisha kumwambia basi. Hakuwa ameshuka tangu mazishi ya mumewe. Mwaka huo mwenyekiti wa kamati, don Ferdinando Santelia, alisimama kanisani akatangaza kwamba nafasi isiyokanyagwa ni nafasi iliyoachwa, na kwamba mke wake, donna Ortensia, yuko tayari kujitolea.

Don Ferdinando ndiye mwenye hoteli. Ndiye pia mwenye lifti. Lifti ile ilitobolewa ndani ya mwamba, kutoka barabarani hadi bustani ya hoteli, na mlango wake wa juu uko hatua chache tu kutoka kwa Ersilia. Ilipokuwa inachimbwa, wakazi wa juu walivumilia vumbi na baruti kwa sababu waliahidiwa kwamba wazee wao wataitumia. Ilipokamilika, mlango ukawa unafunguka kwa kadi, na kadi wakapewa wageni wa hoteli. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Hawakusema mtu aliyekataa kulipa afanywe nini.

Asubuhi ya siku ile Ersilia alikuwa amekwenda kujaribu mara ya mwisho. Mlinzi wa lifti, Sabatino, alikuwa kwenye kiti chake chini ya mwavuli wa hoteli.

"Sabatino, kaka yangu, ni kesho tu. Kushuka na kupanda."

"Dada Ersilia, usinitie majaribuni. Kamera ile inanichunga kuliko mke wangu."

"Mama yako naye alikuwa sisimizi. Angekuwa hai ungemwambia hivyo?"

Sabatino aliangalia viatu vyake. "Angekuwa hai," akasema, "ningemshusha mgongoni."

Hilo la kubebwa lilikwisha kujaribiwa. Wiki iliyotangulia vijana wa bendi walipanda ngazi na kiti chenye mipini miwili, kizuri, kimefungwa riboni. Mama Carmosina aliwauliza ni cha nani. Walipomwambia ni chake, aliwatimua kwa ufagio hadi kwenye kona ya mtini.

"Mimi ni mbebaji!" aliwapigia kelele. "Mbebaji habebwi! Siku nitakayobebwa, mtanifunika uso kwanza!"

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Maishani mwake hakuna aliyemsikia akiomba kitu, hata chumvi mezani. Chumvi ikiwa mbali naye, alikula bila chumvi, tena akanyamaza kimya cha kuwafanya watu wote wa mezani wajute kuzaliwa.

Basi Ersilia alipika bila moto. Alitenganisha mayai. Viini alivipiga na sukari hadi vikapauka na kuumuka, kisha akaongeza jibini laini, ile mascarpone, kijiko kwa kijiko, akiikunja taratibu kwa mwiko, maana jibini ile ikikorogwa kwa hasira hukatika na kutoa maji. Ute wa mayai aliupiga peke yake hadi akaweza kulipindua bakuli juu chini na usidondoke. Halafu akauchanganya na jibini, akatia maganda ya malimau. Malimau ya Ripamare ni marefu, yana chuchu mwishoni, na ganda lake lina harufu inayobaki mikononi hadi siku ya pili. Alikwangua umanjano peke yake. Weupe wa chini yake ni mchungu, na uchungu nyumbani mle ulikuwa wa kutosha.

"Limau gani hilo?" aliuliza mama yake, akitazama tone lililoanguka sakafuni.

"La mti wetu wa nyuma, Mama."

"Nani kalibeba?"

"Mimi. Kuna nani mwingine humu?"

"Sawa basi."

Siku hizi matuta mengi hushusha malimau kwa kigari kinachoteleza juu ya reli ya chuma. Carmosina hakuwa na imani na limau lililopanda gari.

Ersilia alichanganya maji ya sukari na limoncello, ile pombe ya maganda ya malimau ambayo kila nyumba pale huitengeneza na kila nyumba huamini ya jirani ni ya bandia. Akaanza kuchovya biskuti, zile nyepesi, ndefu kama vidole. Hapo ndipo wengi huharibu. Biskuti ikikaa kwenye maji kupita kiasi huwa uji, na isipokaa hubaki kavu kama mahubiri. Wanawake wa Ripamare wana kipimo chao. Unachovya unaposema "Salamu", na kabla hujafika "Maria" uwe umeshatoa.

"Salamu," alisema Ersilia, akachovya, akatoa. "Salamu."

"Maria," aliitikia mama yake kila mara kutoka kwenye kigoda, ili sala isikatike.

Namna hiyo walijaza bakuli la kioo, tabaka la biskuti, tabaka la jibini, tabaka la biskuti, tabaka la jibini, na juu kabisa Ersilia akanyunyiza maganda yaliyobaki. Akaliingiza kwenye friji lishikane hadi kesho. Mama Carmosina akapata ubaridi wa mlango ulipofunguliwa, akafumba macho.

"Donna Ortensia ana miguu mizuri," alisema. "Nimeiona kwenye mazishi ya baba yako. Haijawahi kukanyaga kitu."

Alikwenda kulala kabla ya giza.

Asubuhi alipoingia jikoni alimkuta mama yake ameketi kwenye kigoda, amevaa gauni jeusi la sikukuu, peku, kata ya gunia begani. Alikuwa amejivika mwenyewe. Hakuwa na pa kwenda na alilijua hilo, lakini alikuwa amevaa. Chini, kengele za kanisa zilikuwa zimeanza kupigwa. Ersilia aligeuka upande wa friji akajifanya anatafuta kitu, hadi macho yake yakakauka.

Akakata kipande kikubwa, akakiweka kwenye sahani, akampa.

"Kula, Mama. Inaitwa tiramisù."

Sasa, jina hilo ukilikata kwa kisu ni ombi: nivute juu. Watu hulitamka kutwa bila kulifikiria, kama vile mtu anavyoweza kumwita jirani yake Baraka huku jirani mwenyewe ni balaa. Lakini zama za Mama Carmosina kitu kama hicho hakikuwapo Ripamare, walikula biskuti ngumu za kuchovya kwenye divai, na sikio lake la kushoto lilikufa zamani. Alidhani binti yake anamwambia maneno ya kusema kabla ya kula, sala fulani mpya ya sikukuu. Na kwa kuwa ilikuwa Kupalizwa, aliona maneno yenyewe yanafaa.

"Nivute juu," aliiambia sahani, kwa heshima. Akala.

Alipofika kijiko cha tatu, kigoda kilikuwa tupu. Mama Carmosina alikuwa usawa wa meza, bado amekunja magoti kama aliyeketi, bado anakula. Alipomaliza kipande alikuwa amegusa dari kwa mgongo. Akabaki pale, uso chini kama siku zote, akilamba kijiko.

"Ersilia," aliita kutoka juu.

"Abee, Mama."

"Juu ya kabati hili kuna vumbi la tangu ubatizo wako."

Ersilia alimrushia kitambaa. Mama yake akapangusa juu ya kabati, kisha juu ya friji, kisha akavua utando wa buibui kwenye kona ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifikia. Ersilia naye akakata kipande kidogo, akasema yale maneno, akala. Nyayo zake ziliachana na sakafu kiasi cha unene wa kidole. Alipofikiri aliona ni haki. Yeye alibeba mitungi ya gesi na vikapu vya sokoni. Mama yake alibeba matuta mazima, na mawe ya hoteli vilevile.

Kengele zilipiga mara ya pili. Ersilia alitoa msumarini kamba ya tenga la zamani, akaifunga kiunoni mwa mama yake.

"Shika," alisema Mama Carmosina, "lakini usivute. Ukivuta utakuwa umenibeba."

"Sitavuta, Mama."

"Na hilo bakuli usiliache. Nunziata mlafi, lazima ataliulizia."

Alitoka mlangoni kichwa kwanza, akajisogeza kwa kushika vizingiti, kisha fito za chanja zilizojengwa kushikilia milimau, fito moja baada ya nyingine, akiteremka mlima kwa mikono yake mwenyewe. Ersilia alimfuata ngazini na kamba imelegea mkono mmoja na bakuli mkono mwingine.

Kwenye kona ya mtini mama yake alisimama. Mgongo haukuwa umenyooka hata kidogo, na macho yalikuwa yale yale yanayotazama chini. Ila chini sasa kulikuwa na mji mzima. Kulikuwa na matuta kulia na kushoto, moja juu ya jingine, hadi baharini.

"Ni mengi," alisema.

"Nini, Mama?"

"Matuta. Mimi nilikuwa naona ngazi moja, halafu nyingine. Sikujua ni mengi hivi." Akaelekeza kidole chini. "Tulishusha yote haya?"

"Yote, Mama."

"Shenzi kabisa," alisema Mama Carmosina, na alikuwa na furaha ambayo Ersilia hakuwahi kuisikia sautini mwake. Alicheka hadi kamba ikatikisika.

Mbele ya mlango wa lifti Sabatino alisimama na kuvua kofia. Watalii wawili waliokuwa wakingoja walishika kadi zao vifuani.

"Shikamoo, Mama Carmosina."

"Marahaba. Nani huyo? Ngoja nione viatu." Akatazama. "Aa, Sabatino. Kumbe una upara, mwanangu. Miaka yote hii hukuniambia."

"Aibu, Mama."

"Mama yako nywele zilimjaa hadi uzeeni. Umerithi kwa baba."

Chini mjini taa za sikukuu zilikuwa zimetundikwa kwa nyaya kutoka nyumba hadi nyumba. Askari wa manispaa alimwonyesha Ersilia kwa mkono kwamba ampitishe mama yake chini ya nyaya, maana zina umeme, na asizuie njia ya gari la aiskrimu. Kina mama madirishani walimsalimu Carmosina ana kwa ana, wakamuuliza hali ya magoti. Alijibu kwamba leo hayamsumbui.

Uwanjani sanamu ya Mama Maria ilikuwa imeshatolewa kanisani, iko mabegani mwa wanaume. Nyuma yake walisimama Nunziata na Fortuna, wameegemeana. Kando yao, kwenye nafasi ya Carmosina, alisimama donna Ortensia katika viatu vipya vya kisigino, na begani kata aliyoshonewa kwa hariri. Alikuwa anatoka jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa asimame pale.

Mama Carmosina alifika juu ya kichwa chake, akasimama hewani.

"Mwanangu, hapo pangu," alisema.

Don Ferdinando alikuja mbio kutoka mbele, utepe wa kamati umempinda kifuani. "Kanuni ni kanuni!" alisema. "Kanuni inasema nafasi hukanyagwa kwa miguu. Huyu hakanyagi. Huyu anaelea. Mshusheni huyu bibi!"

"Aliye juu mngoje chini, don Ferdinando," alisema mpiga tarumbeta, na bendi nzima ikacheka ndani ya vyombo vyao.

"Na kanuni inasema peku," alisema Nunziata, ambaye ulimi wake haukuwahi kuzeeka. "Au visigino vya mkeo alizaliwa navyo?"

Watu wakaangua kicheko. Padri Liberato alitazama jua, akatazama wanaume waliokuwa wakitetemeka chini ya sanamu. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaishe.

"Mama Carmosina," alisema, "unaweza kukanyaga?"

Ersilia alitazama kamba mkononi mwake. Angeweza kuvuta. Kuvuta kidogo tu, na jambo lingekwisha, na mama yake asingemsamehe hadi kufa. Aliiacha imelegea. Kule juu Mama Carmosina aliangalia utosi wa Nunziata, mvi ambazo hakuwahi kuziona, maana miaka yote ya kazi aliviona visigino vyake tu, ngazi moja mbele yake.

"Nunziata," alisema. "Hebu nipe mkono, shoga yangu."

Lilikuwa ombi lake la pili maishani, na la kwanza alilolijua kuwa ni ombi. Nunziata aliinua mkono. Carmosina aliukamata, akajishusha mwenyewe kwa nguvu za mikono ile iliyoshika matenga, hadi kidole gumba cha mguu kikagusa jiwe la uwanja. Jiwe lilikuwa la moto. Hakukiondoa.

"Nimekanyaga," alisema.

"Amekanyaga!" alisema Fortuna kwa sauti ya kusikika hadi gatini.

Donna Ortensia alisogea. Alivua viatu vyake, ambavyo vilikuwa vinamuua tangu asubuhi, akaenda nyuma kabisa ya bendi kuvipumzisha vidole. Padri Liberato akapiga ishara ya msalaba.

"Mama Carmosina, kaa hapo," alisema. "Ila nakuomba usimpite Mama Maria kwa urefu. Leo ni siku yake."

Maandamano yakaanza. Sanamu ilipita mtaa wa wavuvi, mtaa wa wapishi wa tambi, na njia ya chini ya mwamba. Nyuma yake walikwenda sisimizi watatu, wawili wakitembea na mmoja katikati yao juu kidogo ya ardhi, wamemshika mikono pande mbili. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa amembeba nani. Maua yalirushwa kutoka rosheni na mengine yakamwangukia Carmosina mgongoni, pale lilipokuwa likikaa tenga, yakatulia palepale bila kuanguka, maana mgongo ule ulijua kushika vitu. Alipita mbele ya hoteli kichwa chini na moyo juu. Ersilia alikuwa pembeni, kamba mkononi, analia waziwazi, wala hakujifuta.

Mchana watu walikula uwanjani, meza zimeunganishwa. Ersilia alifunua bakuli. Nunziata na Fortuna waliambiwa maneno, wakayasema, wakala, na kabla ya matunda kuletwa walikuwa usawa wa rosheni za ghorofa ya kwanza, wakipiga umbea na wenye nyumba. Wengine walioonja walipata kila mtu kiasi chake. Mwashi mmoja mzee alifika kwenye saa ya kanisa na kuomba ashushwe, kwa sababu anaogopa kimo.

Don Ferdinando alikula sahani tatu. Kila sahani alilitamka lile jina kwa sauti kubwa zaidi, na ya tatu alisimama kabisa kulitamka. Nyayo zake hazikuachana na ardhi hata kidogo.

"Malimau haya yana kasoro," alisema.

"Hayana," alisema Fortuna kutoka juu. "Wewe hujabeba kitu, mwanangu. Uvutwe utoke wapi?"

Jua lilipoanza kupungua makali, utamu ule ulipungua nao. Mama Carmosina alipanda mlima juu ya chanja za milimau, fito kwa fito, na wakati wa chakula cha jioni alikuwa ameshatua kwenye kigoda chake karibu na friji. Alitazama sakafu. Alitaka kujua kama Jumamosi kuna mascarpone dukani.

Ipo. Kila Jumamosi Ersilia hutengeneza bakuli, na sisimizi watatu hupita juu ya mapaa kwenda sokoni na kwenye kaburi la mumewe Carmosina. Mjini watu wamezoea. Wanaotundika nguo hutazama juu kwanza kabla ya kukung'uta shuka.

Septemba ya mwaka ule Ersilia alikwenda kwenye baraza la mji kuomba lifti ifunguliwe kwa wakazi. Wajumbe walimsikiliza vizuri, wakamletea hadi maji ya kunywa. Kisha wakamjibu kwamba, kwa kuwa wazee wa juu sasa wana usafiri wao wenyewe, suala hilo baraza limelifunga. Hoteli nayo ilipiga picha ya wale kina mama watatu juu ya matuta na kuiweka kwenye vipeperushi vyake, chini yake pameandikwa kwamba mandhari haya huonekana vizuri zaidi kutoka kwenye lifti. Sabatino bado yuko kwenye kiti chake, na kamera bado inamchunga. Ersilia bado hupandisha mtungi wa gesi begani, ngazi baada ya ngazi. Unene wa kidole si msaada mkubwa kwa mtu mwenye mtungi wa gesi, ingawa mama yake anasema kwamba mwaka huu umekuwa unene wa vidole viwili.

Mama Carmosina mwenyewe amebadilika jambo moja tu. Tangu siku ile anaomba. Anaomba chumvi. Anaomba feni igeuzwe upande wake, anaomba mto, anaomba ile chumvi nyingine, ya mawe. Kutwa nzima ni Ersilia nipe, Ersilia niletee, hadi Ersilia siku nyingine hujiuliza kama mama yake hakuwa afadhali zamani, na hapohapo humletea.

Na kila Jumamosi, akitoka makaburini, hupitia kwenye dirisha la ofisi ya don Ferdinando, ghorofa ya juu ya hoteli, ambayo mawe yake anayafahamu vizuri. Hubisha hodi kwenye mbao za dirisha.

"Don Ferdinando, mwanangu. Mfungulie Ersilia lifti."

"Mama Carmosina, tulishalizungumza hilo. Haiwezekani. Mnanibebesha mzigo."

"Beba, baba. Hauui. Niangalie mimi."

Don Ferdinando hufunga dirisha. Mama Carmosina hukaa hapo nje kidogo, ananusa malimau, kisha hushika fito ya kwanza kuelekea nyumbani. Jumamosi inayofuata hulikuta dirisha liko wazi tena, maana upande ule wa mwamba bila upepo hapakaliki, na ndani yuko don Ferdinando, anamngoja.